Ukuta wa Upande Mkavu

Jumanne, 22 Aprili

Nimebadilisha betri ya kituo cha Lufingo. Maji yalikuwa yameingia kwenye shimo la kipimo cha matetemeko, nimeyakausha kwa kanga yangu kuukuu. Matope hadi magotini. Kipimo kizima, kinaandika vizuri. Nimerudi Tukuyu saa nane. Mama wa mgahawa kaniuliza kama namfahamu Lusajo, "yule kijana wa matetemeko." Namfahamu. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, alipokuwa hajui kutofautisha tetemeko na lori la makaa linalopita Kiwira. Sikumwambia. Nimekula ndizi zangu nikaondoka.

Jumatano, 23 Aprili

Lusajo redioni tena. Kipindi kizima. Anaongea Kinyakyusa, anachekesha, wazee wanapiga simu na kumwita mwanangu. Mimi nimezaliwa hapa hapa Tukuyu, baba alikuwa na cherehani yake sokoni. Lakini babu alitoka pwani, basi nikisalimu "ugonile" watu wanacheka kwanza ndipo waitikie. Miaka kumi na tisa napima ardhi ya watu hawa. Hakuna aliyewahi kunipigia simu.

Zamani aliniita Madam. Siku hizi ni dada Zuhura. Roho inaniuma, na sioni sababu ya kujificha kwenye daftari langu mwenyewe.

Alhamisi, 24 Aprili

Kyimo. Kipimo chetu kimezikwa nyuma ya shule ya msingi, ile ambako Lusajo anafundisha watoto kujikinga na matetemeko. Kila Jumatatu na Ijumaa kengele inapigwa, wanaingia chini ya madawati, kisha wanatoka na kukusanyika. Mahali pa kukusanyika pamechorwa mistari ya chokaa: chini kabisa ya ukuta wa mwisho wa jengo la zamani, ule mrefu unaobeba paa.

Nilijua papo hapo kwa nini. Paa limetokeza pale, hapanyeshewi. Huku kwetu mtu akitoka nje anatafuta kwanza pakavu. Mwalimu mkuu kaomba watoto wasilowe, Lusajo kakubali.

Nikaugonga. Lipu nzuri, ndani tofali zimeshikwa kwa udongo mtupu. Juu hakuna mkanda wa zege. Nikapanda na kushusha timazi, ile kamba ya fundi yenye kipande cha chuma. Chini kamba imekaa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Ukuta unaelemea nje, upande wa watoto.

Mwanafunzi wangu kasahau somo la kwanza: ukishatoka, kaa mbali na kuta. Nilicheka peke yangu. Kweli nilicheka.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeshika simu nimpigie. Nikaiweka. Tarehe tisa Mei wageni wa wilaya wanakuja kutazama zoezi lake, na watu wa redio, na wazazi wote. Nitashusha timazi mbele yao. Nitasema taratibu, bila kelele, kama mtu anayesikitika. Wiki mbili tu. Ukuta umesimama miaka yote hiyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Lusajo kaleta ofisini maparachichi ya shambani kwa mama yake. Kila mtu matatu. Mimi kaniwekea matano, makubwa. Nimempa mlinzi yote.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda Kyimo kwa mwaliko wake. Kaniwekea kiti barazani. Mvua kubwa. Kengele imelia, watoto wametoka mbio, wamejipanga pakavu, wameegemea ukuta wanahesabiana. Kulikuwa na msichana wa darasa la kwanza. Anausukuma ukuta kwa mgongo, anarudi mbele, anausukuma tena, watoto walivyo. Kipande cha lipu kikamwangukia kwenye kola. Akakipangusa.

Mimi nimekaa. Nilikuwa naanza kuinuka, ndipo wazazi wakaanza kumpigia Lusajo makofi. Mama mmoja akamshika mikono yote miwili kumshukuru, "ndaga fijo, mwanangu, ndaga fijo." Nikakaa tena.

Zimebaki siku saba.

Jumapili, 4 Mei

Nimeswali, nikajikuta namwomba Mungu ukuta usimame hadi Ijumaa. Hadi Ijumaa tu. Dua gani hiyo. Mtu mzima hovyo.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi vipimo vyetu vimeandika mitetemo mitatu midogo, yote chini ya mlima Rungwe. Hakuna mtu aliyeisikia. Mara nyingi hutokea ikaishia hapo. Itakwenda wapi sijui, na hakuna anayejua, wala Lusajo na redio yake.

Nikampigia. Nikamwambia ukuta, udongo, timazi. Akauliza, "Umeuona lini, dada?"

Nikasema jana jioni. Lilitoka lenyewe, wala sikulifikiria.

Hakuuliza zaidi. Kufika saa tano alikuwa ameshafika Kyimo, kawahamishia watoto katikati ya uwanja wa mpira, kaziba upande ule kwa kamba na matawi ya miiba. Nasikia mwalimu mkuu analalamika kwamba watoto watapata vichomi. Wasinisifu kwa simu ile. Si wema, ni woga.

Alhamisi, 8 Mei

Limekuja saa nne asubuhi. Kwanza mngurumo, kisha vikombe mezani, kisha sakafu. Halikuchukua muda. Hapa mjini nyufa, vioo, watu wamejaa barabarani, hakuna aliyekufa. Nimeendesha hadi Kyimo nikiwa sijafunga hata mkanda.

Watoto wako katikati ya uwanja. Wamelowa, wanalia, wote wapo. Mwalimu anaita majina mara ya tatu.

Ukuta umelala juu ya mistari ya chokaa. Tofali hadi kiunoni kwangu.

Ijumaa, 9 Mei

Wageni wamekuja kama ilivyopangwa, ila wamekuja kutazama kifusi. Wazazi wamejaa. Lusajo kasimama, kaongea Kinyakyusa kisha Kiswahili. Kasema kosa la kuchagua mahali pale ni lake, asitafutwe mwingine. Kisha akaninyooshea mkono. "Dada Zuhura aliuona Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi akanipigia. Hakulala nalo moyoni."

Makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi mmoja kanishika mikono yangu miwili, kaniita mwanangu. Mtu wa redio kaniwekea kinasa sauti mdomoni. Kila nilichokitaka nimepewa, siku ile ile niliyoipanga.

Nimesema asanteni. Basi.

Jumatatu, 12 Mei

Mkungu wa ndizi mlangoni, sijui umeletwa na nani. Simu za wazee tangu asubuhi. Mmoja kataka nikautazame ukuta wa kanisa lao. Nimekwenda, nimepima, ni mzima. Wameniombea dua ndefu nikiwa nimeinamisha kichwa. Lusajo anapita ofisini ananisalimu kwa adabu kuliko zamani. Simwangalii usoni. Namchukia zaidi kuliko nilipokuwa namwonea wivu, na yeye hajanikosea lolote.

Jumatano, 14 Mei

Kyimo, na Lusajo, gari moja. Tumetumwa kupima kuta zote za shule zilizobaki. Saa sita alikuwa amechuchumaa anasoma timazi. Nikamwambia kwamba ule ukuta niliuona Alhamisi ya tarehe ishirini na nne Aprili.

Hakunielewa mara moja. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Ijumaa, Jumatatu, Ijumaa, Jumatatu. Mara nne niliwaacha chini yake.

Akauliza, "Ile Ijumaa ya mvua si ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwepo.

Hakupaza sauti. Aliketi palepale kwenye nyasi zilizolowa akalia, mwanaume mzima, watoto wanamtazama kupitia madirisha. Akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la tofali. Hata hapo nilimwonea wivu. Mimi sijawalilia wale watoto hata siku moja.

Baadaye akainuka, akaendelea na kazi. Nimeandika vipimo alivyonitajia, kuta tano, hadi saa tisa. Tumerudi Tukuyu. Nimeshuka sokoni nikanunua mchele.