Chupa Namba Nne

Zombo,
Kilosa.
19 Januari 2025

Mpendwa Kaka Melkizedek,

Shikamoo. Baridi ya huko kwenye pwani ya barafu inakutendeaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima. Baba magoti yanamsumbua kila mvua ikinyesha. Mahindi yanaendelea vizuri.

Ujumbe wako wa sauti wa Alhamisi tuliusikiliza nyumba nzima. Umesema chupa sita za hewa ya hapa nyumbani zimefika, unazilinganisha na hewa ya huko unayoipima kila siku, na ya nne ina gesi ya ukaa nyingi ajabu. Jumatano utaieleza mbele ya wakubwa wako, ndipo waamue kama watakuongezea mkataba. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilitoka nje.

Kaka, nakuomba, hiyo chupa usiitaje.

Uliniagiza nisimame kilimani, nielekee upepo, nizuie pumzi mpaka koki ifungwe. Chupa tano nilifanya hivyohivyo. Ya nne, nimefungua tu koki, Mzee Kondo akatokea na baiskeli. Unamjua. Mwaka juzi alinisema mbele ya mkutano wa kijiji kwamba nimempita kama gogo. Nikaona nikinyamaza tena nimekwisha. Nikainama, chupa kifuani, nikasema, "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mama hajambo? Na hicho nini?" Akaja kuchungulia, anahema kwa kupanda kilima, na koki iko wazi.

Chupa ya akiba sikuwa nayo. Kwenye fomu, pale panapouliza kama kulikuwa na mtu karibu, nikaandika "hapana". Hilo ndilo linaloniumiza, salamu siijutii.

Binamu yetu Frank anasema ninyamaze, eti hewa ni hewa, nani atajua? Lakini njia ya mwongo ni fupi, na safari hii atakayeaibika ni wewe.

Simu yako haipatikani, na kwa sauti Mama angenisikia, ndiyo maana naandika. Kesho alfajiri napanda bodaboda kwenda Mikumi, Irine wa stesheneri aiskani barua hii na kukutumia kwa barua pepe. Naogopa matope, naogopa umeme kukatika, naogopa Jumatano. Ukiipata, nijibu hata neno moja. Unigombeze tu.

Baba, Mama na Frank wanakusalimu sana. Mungu akulinde na barafu hiyo, akurudishe salama.

Mzee Kondo naye anakusalimu. Salamu zake unazo tayari, zimo kwenye chupa namba nne.

Mdogo wako akupendaye, aliyekukosea,
Lightness