Kabla Hujampa Duane Jina la Baba Yako

S.L.P. 318,
Tehachapi, California.
19 Januari

Mpendwa mwanangu Rowena,

Hujambo huko Hobart? Otis hajambo? Kile kikohozi chake kimekwisha, au bado mnamnywesha dawa zilezile zisizomsaidia? Mwambie bibi yake wa Tehachapi anamsalimu, na anataka picha ambayo mtoto hakulazimishwa kutabasamu. Na mgongo wako je? Mimi ni mzima. Goti linanikumbusha umri kila ninapopanda ngazi, ila mdomo, kama ujuavyo, bado kijana.

Huku ni baridi, tena baridi isiyoaminika. Juzi nilianika shuka asubuhi kwenye jua la kupendeza, nikazianua mchana zimekakamaa kama mbao. Ninyi huko kusini mwa dunia mko kwenye kiangazi, mnakula cheri barazani. Kuleni na zangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nikiendelea na salamu nitapasuka.

Duane, mume wa Peg, shangazi yako mwingine, atakuandikia, kama hajakuandikia tayari. Anataka umruhusu kuiita ile safari ya pikipiki ya mwaka mpya "Safari ya Lyle Haskett". Mashati ameshachoresha: baba yako kavaa helmeti, nyuma yake jua linazama, na herufi kubwa kama za tangazo la bia. Peg amemwambia kwamba jina la Lyle ni la binti yake, na bila ruhusa yako shati halitoki sandukuni. Hilo ndilo jambo pekee la akili lililosemwa katika nyumba ile tangu Krismasi. Nakuomba usimjibu mpaka umalize kusoma haya. Kilichotokea mwaka huu kimenichefua, na mimi si mtu wa kuchefuka peke yangu.

Sheria ya baba yako unaikumbuka. Uliijua kabla hujajua kuendesha baiskeli. Ukifika njia panda jangwani, unasimama. Huondoki mpaka uione taa ya aliye nyuma yako, naye awe amekuona unakoelekea. Yeye naye akifika anasimama palepale, anamsubiri wake. Kwa hiyo hata mkiwa wengi, na vumbi limewafunika, hakuna anayepotea. Baba yako mwenyewe alikaa wa mwisho miaka yote. Alikula vumbi la kila mtu, akarudi kambini sura nyeupe kama mwoka mikate, na sikumsikia akilalamika.

Alipofariki, Duane alijipa uongozi. Kwake yeye sheria hiyo ni ya wazee. Siku hizi kila pikipiki ina ramani inayowaka kwenye usukani, na kidude cha setilaiti kinachowaonyesha wote kama vidoti kwenye kioo. Kila mtu, isipokuwa Vernon Stubbs. Unamjua Vern, rafiki wa baba yako tangu ujana, na ile pikipiki yake nzito ya zamani inayonguruma kama trekta. Asubuhi ya safari, tukila chapati za maji na asali, Duane alisimama akatangaza, "Sheria ni ileile, ila tumieni akili." Nimesoma siasa za kutosha maishani kujua maana ya maneno hayo. Kiongozi akisema sheria ni ileile ila tumieni akili, ujue sheria imeshakufa, na anatafuta pa kuizika.

Utabiri ulisema anga safi mpaka jioni. Walioamini waliondoka na koti moja jepesi. Baada ya chakula cha mchana upepo ukageuka, milima ya magharibi ikatoweka nyuma ya wingu, na huko juu theluji ikaanza kuanguka kwa ubavu. Hakuna mtu wa huku mwenye haki ya kushangaa. Januari ya jangwa hili la Mojave hukuchoma pua kwa jua na kuigandisha siku hiyohiyo. Ndiyo maana baba yako aliweka sheria.

Mimi sikuendesha, kwa sababu ya goti. Nilibaki kambini kando ya ziwa kavu, na sufuria la maharage na nyama ya pilipili. Nikamwona Duane anarudi na wenzake wawili. Muda mfupi baadaye akatokea Trent, mkwe wa Duane, kutoka upande mwingine kabisa, upande wa njia ya nguzo za umeme. Bila kukaa wakaanza kupakia pikipiki kwenye trela.

"Vern yuko wapi?" nikauliza.

"Anakuja," akasema Duane, anakaza mikanda.

"Anakuja vipi? Trent ndiye aliyekuwa wa mwisho, na Trent huyu hapa anakunywa kahawa yangu."

Trent akatazama kikombe. "Niliona theluji, shangazi, nikakata kwa njia ya nguzo. Nilituma ujumbe."

"Kwa nani?"

"Kwa baba mkwe."

"Na Vern je, aliyekuwa mbele yako?"

"Vern hana kile kidude."

"Shemeji, usianze," Duane akadakia. "Vern anazijua njia hizi tangu mimi sijaota ndevu. Wakifunga barabara ya mlimani tutalala hapa wote. Mtu mzima anajitegemea. Hata Lyle angesema hivyo."

"Lyle angekung'oa meno."

"Lyle hayupo, shemeji."

Mwanangu, nimeyanakili maneno hayo kama yalivyotoka kinywani mwake. Lyle hayupo. Na huyohuyo ndiye anayetaka kumvaa kifuani.

Wakaondoka. Waliniachia blanketi, na Trent aliniambia pole. Nikaipeleka pikapu yangu juu kwa njia ile mbovu, nikiwatukana kwa sauti, mawe yakigonga chini ya gari, na theluji ikija kwenye kioo hata nikawa naongozwa na alama za magurudumu yao ya asubuhi. Nilimkuta Vern kwenye njia panda ya pili, pale chini ya mgodi wa zamani. Alikuwa amesimama wima kando ya pikipiki, injini inaunguruma, mkono mmoja umeshikilia klachi na mwingine kaukaribisha kwenye bomba la moshi. Theluji ilikuwa imemkaa mabegani. Taa alikuwa ameielekeza nyuma, huko alikotakiwa kutokea Trent.

Nikamwita. Akageuza kichwa taratibu.

"Trent mmempata?" akauliza.

"Alifika kambini kitambo."

"Hajaumia?"

"Hajaumia, Vern. Alikata njia."

"Mngeniambia," akasema, si kwa hasira. "Nilidhani kaanguka. Nilitaka kurudi kumtafuta, nikaona nikiondoka hapa atafika asinikute."

Hakuwa amepotea, Rowena. Hilo nataka ulishike vizuri, maana mjini hapa Duane anawaambia watu kwamba mzee alipotea. Katika kundi lile zima, Vern peke yake alikuwa mahali alipopaswa kuwa. Alisimama katika baridi ile akimsubiri kijana ambaye alikuwa anapulizia kahawa yangu. Nilipomwambia tuondoke, mkono haukutoka kwenye klachi. Nilimbandua vidole kimoja kimoja, kama mtu anayemenya chungwa lililoganda.

Pikipiki tuliiacha palepale. Nikampeleka hospitali ya Ridgecrest. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, daktari anasema, huenda zisirudi kuhisi kitu. Ni vidole vya klachi, lakini pia ni vidole vya kufungia vifungo. Sasa dada yake humfunga shati kila asubuhi kama mtoto wa shule, naye Vern husimama akitazama ukutani mpaka amalize.

Na haraka yao iliwafaa nini? Wewe umeshawahi kupakia trela lile na baba yako. Unakumbuka kwamba pikipiki ya Vern hukaa mbele siku zote, kwa sababu ndiyo yenye uzito wa kuikandamiza ndoano ya trela, pale linaposhikana na gari. Safari hii hawakuwa nayo. Wakazifunga zao nyepesi nyuma, kila moja mahali pake pa kawaida, na pale mbele wakapaacha wazi, kama kiti cha mgeni ambaye hakualikwa. Hakuna hata mmoja aliyewaza kuzisogeza. Walipoanza kupanda mlima, upepo ukalikamata trela likaanza kutikisa mkia, kulia, kushoto, mpaka gari ndilo likawa linafuata trela. Duane aliogopa. Wakageuza, wakarudi mji wa Mojave, wakakaa kwenye mkahawa wa madereva wa malori kula baga na viazi mpaka upepo ulipotulia. Peg ndiye aliyenisimulia, na alisimulia akitazama chini. Walimwacha mtu kwenye theluji ili wawahi baga.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa kichefuchefu. Kumbe. Siku ya pili Duane alikuja hospitalini na shati. Akalikunjua juu ya kitanda, juu ya mkono uliofungwa bandeji, akasema, "Vern, wewe ndiye wa kwanza kulivaa." Nilitoka nje kwa sababu nilifungua mdomo na muuguzi akanitazama.

Najua atakayokuandikia. Ataandika uhuru, ataandika udugu, ataandika jangwa lisilo na uzio. Maneno hayo nayapenda sana, na ndiyo maana nawachukia wanaoyatumia kufunikia uvivu. "Kila mtu anajitegemea" ni maneno matamu kwa mwenye gari lenye joto. Nimesoma habari za misafara iliyovuka majangwa haya kwa mikokoteni ya ng'ombe. Wengi hawakuuawa na kiu wala theluji peke yake. Waliuawa siku ambayo walio mbele waliona walio nyuma wanawachelewesha. Baba yako hakusoma vitabu hivyo, lakini alilijua jambo hilo kuliko mimi niliyesoma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: kataa. Mwambie ayafanye yale mashati matambara ya kufutia mnyororo.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningekuficha neno la Vern. Nilimwendea Jumapili nikiwa na barua hii kichwani, nikamsomea kwa mdomo, pamoja na matusi ambayo hapa nimeyapunguza. Nilitegemea aniunge mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie msichana akubali."

"Vern, una wazimu?"

"Akubali kwa sharti moja. Duane akae wa mwisho."

"Mwaka mmoja?"

"Kila mwaka. Kama ni safari ya Lyle, basi mwenye safari anakaa pale Lyle alipokaa."

Niliudhika. Nilimwambia huo ni upole unaolea uhuni. Akanijibu kwamba mimi nataka Duane aaibike, na yeye anataka mtu wa nyuma apatikane, na kwamba haya ni mambo mawili. Nikabishana naye mpaka dada yake akatuletea supu ili tunyamaze. Bado naona nilikuwa na hoja nzuri kuliko yake. Lakini yeye ndiye aliyesimama pale, mimi nilifika na hita imewashwa.

Basi nafuata neno lake. Sharti hilo sijamwambia Duane, kwa sababu likitoka kwangu ataliita kelele za shemeji. Litoke kwako. Barua yake ikifika, usimtukane, usimweleze kwamba unajua. Muulize tu kama atakaa nyuma. Akijibu ndiyo, mpe jina la baba yako, nami nitanyamaza, hata kama itaniua. Akianza kukueleza kwa nini kiongozi lazima awe mbele, usisome ukurasa wa pili.

Nisalimie sana mumeo Grant, na mama yake, na Otis mbusu kwenye paji kwa niaba yangu. Peg anawasalimu, usimlaumu, anayo mengi ya kumeza mezani kwake. Vern naye amesema nikuandikie kwamba uzima wake ni wa kutosha. Mungu awape afya huko, usingizi mzuri, na majirani wenye adabu.

Akupendaye bila kupunguza sauti,
Shangazi yako,
Nadine Haskett