Hashir Amekataa Kuurudisha Msamaha Wake

Satwa, Dubai
Jumamosi, 15 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Sumeiya,

Assalamu alaikum. Hujambo na baridi ya Ohio? Na Shifaa je, kile kikohozi kimemwacha? Mzee wako, Ami Jaafar, magoti yake vipi? Mwambie namkumbuka sana, na nikisikia tena amepanda ngazi kubadilisha balbu nitamshtaki kwa Mama. Namwomba Mola barua hii iwakute nyote wazima.

Mimi mwili mzima, uchovu ndio usiseme. Hoteli yetu kule Marina imejaa wageni na shuka za dobi hazina mwisho. Utashangaa kupata barua badala ya sauti kwenye simu, lakini kila nikianza kukurekodia naishia kufuta. Kuandika angalau naweza.

Habari yenyewe ni hii: kesi ya Hashir imekwisha, na tumeshindwa.

Nianze mwanzo, maana najua uliyapata vipande vipande. Huyu ndugu yangu alikuwa akipeleka bidhaa kwa baiskeli kutoka duka moja la Mirdif, maji, mikate na ndizi, mpaka milangoni mwa majumba ya watu. Gari la nyumba moja likatoka getini kinyumenyume, likamkumba. Mguu ulipona. Mkono wa kulia haukupona. Vidole vimekakamaa, havishiki kitu. Siku hizi anakula kwa kijiko, mkono wa kushoto, na wewe unajua anavyoona haya mbele za watu. Baiskeli ndiyo basi tena. Makosa yalikuwa ya dereva, polisi walisema wazi, wala yeye mwenyewe hakubisha.

Dereva huyo anaitwa Umaru, Mganda wa Masaka. Alikuja hospitali pamoja na askari wa kuandika maelezo, akasimama miguuni pa kitanda. Akasema, "Ndugu yangu, mimi niko na watoto. Wakinifunga hapa, wale wamekwisha." Na Hashir, akiwa amefungwa bandeji mpaka kwapani, akamjibu vile tunavyojibu sisi kwetu mtu akija kuomba radhi: "Nimekusamehe, duniani na akhera. Sikudai kitu." Askari akamwuliza tena kama ana hakika, naye akayarudia yale yale. Yakaandikwa.

Sumeiya, kwetu nani husamehe nusu? Mtu akikujia kitandani kuomba radhi, unamsamehe yote, aende zake na moyo mweupe. Hatukujua kwamba hapa kumfunga mtu ni jambo moja na kulipwa na bima ni jambo jingine, na kwamba ungeweza kuliacha la kwanza ukabaki na la pili. Fidia ingetoka bima, wala haingegusa jasho la Umaru. Lakini kampuni ya bima ilipoyaona yale maneno iling'ang'ana nayo kama kupe. Mlalamikaji alisamehe kila kitu, wakasema, sasa anadai nini?

Wakili wetu, Bi Huda, akatafuta njia. Akamtaka Hashir aseme kwamba siku ile dawa za maumivu zilikuwa zimemlewesha, hakujua analosema. Hata wewe ulituambia hivyo hivyo. Ukatusimulia na habari ya yule mwendesha baiskeli wa huko kwenu, jinsi raia wanane wa kawaida walivyokaa kortini wakamsikiliza, wakauona mguu wake, wakampa haki yake. Nilimwekea Hashir ujumbe wako mpaka akaukariri. Sisi huku hatuna raia wa kukutazama machoni. Tuna hakimu, ripoti ya daktari, na mkalimani kwenye skrini.

Nikambembeleza, nikamgombeza, nikamtajia Mama anayemtegemea. Nikamwambia, "Sema tu dawa zilikuzidi. Nani ataumia?"

Akaniambia, "Dada, nikisema sikujua nilichosema, basi Umaru atakuwa hajasamehewa."

Siku ya kusikilizwa niliomba ruhusa kazini, nikakaa kando yake ofisini kwa Bi Huda, mbele ya kompyuta, maana kesi husikilizwa kwa video. Mkalimani akamwuliza kama alikuwa na akili zake alipotamka yale maneno. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akasema, "Akili zangu zilikuwa timamu. Nilimsamehe." Bi Huda akafumba macho. Baada ya hapo hukumu ilikuwa ya kungojea tu, na ilipotoka madai yote yalikataliwa. Bi Huda alitaka tukate rufaa. Hashir akamwambia khalas, basi, yamekwisha.

Sitakuficha, nilimkasirikia. Nilikasirika hata simu zake sikushika. Jana, siku yangu ya mapumziko, nikaenda Mirdif kumpasulia yote yaliyokuwa rohoni mwangu. Wenye duka walimwachia kitanda chumba cha nyuma mpaka kesi iishe. Nikafungua mlango, nikamkuta Umaru amepiga magoti mbele yake, anamfunga vifungo vya kanzu kwa ajili ya sala. Kumbe huja kila Ijumaa. Hashir ameinua kidevu, ametulia tu, na mkono wake umelala pajani.

Umaru aliponiona akainamisha macho. "Dada, hata wewe nisamehe," akasema.

Nikasimama pale mlangoni na hasira zangu zote. Nikawaambia tu, "Haya, yalla, mtachelewa sala." Wakatoka wawili, nami nikabaki kumfungia ndugu yangu sanduku lake.

Hashir anarudi Mombasa Alhamisi, inshallah. Ukimpigia, usimwambie kwamba huko kwenu angeshinda. Mpe pole, mwulize habari za Mama, basi. Na mimi uniombee, Sumeiya, niweze kulitamka lile neno alilolitamka yeye, maana mpaka sasa halijanitoka.

Nisalimie sana Ami Jaafar, Shifaa umbusu mashavu yote mawili, na shemeji mwambie salamu zake ninazo. Mwenyezi Mungu awahifadhi huko ugenini kama anavyotuhifadhi sisi huku, na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimechoka,

Swafiya