Mashapo ya Bia ya Krismasi

Zandbeke, 7 Desemba

Kaka yangu mpendwa Joris,

Pokea salamu zangu za moyoni. Natumai u mzima, wewe na wifi Lutgard, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Kama bado unacho, ni kwa sababu unatembea bila skafu kama kijana anayetafuta mchumba. Sisi huku hatujambo. Mfereji umeganda, Baba analalamika magoti, nami nanenepa kwa raha zangu.

Uliuliza kama uje Krismasi, au Baba atakufungia mlango tena kama mwaka juzi. Jibu ninalo, lakini utalisubiri kidogo, maana nataka ujue lilivyopatikana.

Jana, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, tulifungua bia ya Krismasi kwenye baa ya Shangazi Godelieve kama kawaida, na Baba ndiye aliyeonja kwanza. Mwaka huu nimeipika peke yangu, kwa kuwa magoti yake hayataki tena ngazi za mapipa. Shangazi akamletea bia hiyo kwenye glasi nyembamba, ile ya bia ya kiangazi. Baba akamuuliza kama siku hizi na supu anapakulia kwenye kiatu. Baa nzima ikacheka, naye akaletewa glasi yenye tumbo.

Akaishika kwa viganja viwili mpaka ikapoteza ubaridi, akanusa, akaonja. Watu wakawa wananitazama mimi. Sikubabaika, naijua kazi yangu. Akiendelea kuonja polepole, mimi nilifika nusu ya glasi yangu: ganda la chungwa linatangulia, mdalasini unafuata, halafu kuna kitu kinabaki kooni kikikupasha moto hadi kifuani. Jirani yetu Maurits alivua koti, akasema bia hii ingemwachisha mkewe kuwasha jiko la kupashia nyumba joto.

Baba akamaliza glasi. Kisha akaichukua chupa, akaitikisa, akamimina mashapo yote, akayanywa. Unamjua. Siku zote huyaacha mashapo chini ya chupa, na wewe ndiye uliyekuwa ukiyanywa huku akikuita nguruwe.

Sasa nikwambie ukweli, kaka. Bia ile ni yako. Nimetia iliki ileile mliyogombania wewe na Baba, mpaka akakwambia ukitaka kuoka biskuti nenda kaoke kwingine, nawe ukabeba sanduku lako. Nilifuata vipimo vyako bila kumwambia mtu. Nilipoona ameyanywa mashapo, nikamwambia palepale, mbele ya wote, kwamba hiyo ni bia ya Joris na kwamba nimechoka kula Krismasi na kiti kitupu.

Akafuta povu kwenye masharubu. Akasema alijua tangu chupa ilipofunguliwa, kwani kinachomuuma ni magoti, siyo pua. Akaongeza kwamba iliki imezidi kidogo, na aliyeizidisha aje aambiwe usoni.

Basi njoo. Njoo na Lutgard, na uvae skafu. Shangazi Godelieve na Maurits wanakusalimu sana.

Baba naye hakutaja salamu, lakini alifungua chupa ya pili, akaimimina polepole, akaacha mashapo. Nilipotaka kuisuuza akanizuia, akasema hayo ni ya Joris. Chupa iko dirishani jikoni. Yatakuwa yamechacha utakapofika, na utayanywa hivyohivyo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Veerle