Kipande Changu cha Kwanza

Jumanne, 4 Machi

Kipande cha uvimbe wangu wa kwanza kimepotea. Nimeambiwa leo asubuhi, maabara ya hospitali. Titi walikata, nikalia, nikanyamaza. Sasa hata kijipande walichokihifadhi kwenye nta hakionekani! Dukani kwangu, duka la mabomba, ikipotea koki moja ya nusu inchi, kuna mtu ataniambia iko wapi.

Daktari anakitaka. Uvimbe umerudi, safari hii kwapani, na tabia si ile. Wa kwanza, seli tisini katika mia zilikuwa zinasikiliza homoni, ndiyo maana vidonge vilinisaidia. Huu mpya — tano. Tano! Nikamuuliza, jeni zimebadilika? Akasema nyingi ni zilezile, ila zilizokuwa kazini zimezimwa, zilizolala zimewashwa. Nikamwambia hiyo naielewa: mabomba yaleyale, koki zimechezewa. Akacheka. Anataka avilinganishe vipande viwili, ajue ni koki zipi, ndipo achague dawa. Bila cha kwanza atabahatisha. Mimi si wa kubahatishwa.

Jumatano, 5 Machi

Duka nimemwachia mume wangu — atawauzia watu kwa bei ya huruma. Maabara wananizungusha. Rudi kesho, mama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeganda mlangoni kwao mpaka mtu wa maabara akatoka mwenyewe. Kwa upole: hakikupotea, mama, kilichukuliwa mwezi uliopita. Ndugu huruhusiwa kukipeleka hospitali nyingine. Ndugu gani? Yule mnayefanana, anacheka kama wewe — ingawa leo hucheki.

Mdogo wangu! Niliyemsomesha kwa jasho la mabomba! Nimempigia nimewaka. Umekipeleka wapi? Akajibu: dada, usinikaripie, nilitaka tu wakilinganishe. Na nini? Tutaongea dada, kula kwanza. Akakata.

Nimerudi dukani, nikakosea chenji mara mbili. Mimi! Kulinganisha kunataka vipande viwili. Mwezi uliopita changu kipya kilikuwa bado hakijakatwa. Sasa cha pili ni cha nani?

Hasira zimeniishia. Nimemwandikia: Mdogo wangu, habari ya kipande iache kwanza. Sigombi. Kesho saa tatu asubuhi, kabla sijafungua duka, nijibu neno moja tu. Una uvimbe, au huna?