Ndege Iliyokalia Mkia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na hao wapwa wangu wawili wanaokataa kuzungumza na mjomba kwenye simu mpaka waahidiwe kitu. Magoti yako je? Uliniambia yanakusumbua ukipanda ngazi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini, narudi. Mwili hauna shida. Ukiniuliza habari za moyo sina la kukujibu, maana hata mimi nikiuuliza haunijibu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe huuliza haraka na mimi huitikia haraka, na kuna jambo moja niliwahi kukuitikia haraka mno. Nitalifikia. Nivumilie kwanza nikupe habari za nyumbani.

Chumba cha mama hatujakigusa. Mama mdogo huja kila Jumamosi, hufagia, hupangusa cherehani, hulifunika tena, huondoka. Hulia kidogo pale mlangoni, halafu hunitupia jicho kuona kama na mimi nalia. Sijalia, dada. Siku ya mazishi sikulia, na sasa ni mwezi wa tatu. Watu walisema nimejikaza kiume. Wapi! Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno. Unaugusa, unajua ni mdomo, lakini huuhisi kuwa wako.

Kazi ya mabango inaendelea. Wiki iliyopita mwenye bucha alinirudisha mara mbili akidai ng'ombe niliyemchora ana huzuni. Nikamwambia ng'ombe wa buchani atachekaje? Mwenzangu hakuona utani. Basi nikapanda tena ngazi, nikamchora ng'ombe anacheka mpaka meno yote nje, na sasa mwenye bucha ananisifu kwa kila mtu.

Umeniuliza mara nne kuhusu ndege ya mfano ninayoiunda. Ile uliyonitumia wewe, kwenye lile sanduku lililotaka watu wawili kulipitisha mlangoni. Imekwisha. Miaka miwili na nusu, dada. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa inanizidi urefu kwa shubiri nzima, na meza ya chakula imekuwa yake tangu siku ya kwanza; mimi na mama tulikuwa tunakula na sahani mapajani. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe hatimaye ameoa, mke ana injini mbili na hapiki.

Siku ya nne baada ya mazishi nilikaa mezani nikaendelea nayo. Nilijaza pati ya kuziba nyufa kwenye maungio, nikapiga msasa, nikajaza tena, nikapiga tena mpaka kidole kikipita kisijue palipoungwa. Nikapuliza rangi ya kijivu ya chini, kisha nyeupe mara tatu, kila moja ikae siku nzima. Mstari wa bluu ubavuni niliuzungushia tepu kwa jioni mbili, kwa sababu tepu ikiinuka unywele mmoja, rangi hupenya na kazi yote imeharibika. Madirisha ni sitini na mawili. Juu ya mabawa niliandika "usikanyage hapa" kwa herufi ndogo kuliko punje ya mchele, kama zilivyo kwenye ndege za kweli. Mama mdogo alinikuta kwenye dirisha la arubaini, akasimama nyuma yangu, akasema kila mtu ana namna yake ya kuomboleza. Sikuwa naomboleza. Mkono ulijua la kufanya, nami nikaufuata.

Mwezi uliopita nikaishusha kutoka kwenye kigoda chake ili nikupigie picha. Nikaiweka mezani juu ya magurudumu yake matatu, nikaiachia. Ikainua pua taratibu, ikakaa chini kwa mkia. Gurudumu la mbele linaning'inia hewani, na pua inaangalia dari. Ndiyo maana hujapata picha.

Wewe hujui mambo haya, kwa hiyo nikueleze. Ndege yenye gurudumu la mbele, ukiiunda kama ilivyo, mkia huwa mzito kuliko pua. Lazima uweke uzito ndani ya pua kabla hujaifunga, kwani ukishaifunga hakuna mlango wa kurudi. Ndege yangu ya kwanza, ile ndogo, nilisahau, ikakaa vivyo hivyo, na mama alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa nguo aliyokuwa anashona. Tangu siku ile akajipa kazi. Alikuwa na kopo la maziwa la kuwekea nati kuukuu na vipande vya madini ya risasi, na kwa kila ndege alinishonea kifuko cha vitambaa vilivyobaki, akakijaza, akakifunga mdomo kwa uzi ili nati zisigongane. Nikikaribia kufunga aliuliza kutoka chumbani kwake, "Rubani, pua imekula?" Kila ndege iliyoko kwenye rafu ina kifuko cha mama tumboni. Ni hii yako tu ambayo haina.

Sasa nije kwenye jiwe. Maneno uliyotuma ya kuchongwa kwenye kaburi yalimfikia fundi wa mawe, naye akayaleta kwangu nimchoree herufi kwenye karatasi, kwa kuwa mkono wangu anauamini kuliko wake. Nilichora jina la mama. Nikachora miaka yake. Nilipofika kwenye mstari wako wa mwisho, "Alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe," nikaweka rula, nikanoa penseli, nikakaa. Fundi amekuja mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia penseli imevunjika. Mara ya pili akaniuliza kama nchi hii imeishiwa penseli. Amenipa hadi Ijumaa, kwani jiwe limeshasuguliwa na linamzibia mlango wa karakana.

Dada, siwezi kuuchora mstari huo kwa sababu si kweli.

Siku ile, wakati wa chakula cha mchana, mama aliniambia nisifunge pua mpaka amalize kifuko. Nikasema sawa. Akaenda chumbani kushona. Mimi nikarudi mezani, nikajaribisha zile nusu mbili za pua, zikakaa vizuri ajabu, bila nafasi hata ya kupitisha karatasi. Nikanogewa. Nikasahau kifuko, nikachanganya gundi ya mirija miwili. Ile gundi ukishaichanganya una dakika tano, na pua imeviringika, vibano haviishiki, ni lazima uishike kwa mikono yako miwili bila kutikisika.

Nimeshaishika ndipo mama akaniita. Aliita, "Rubani!" Na hapo hapo nikakumbuka kifuko, nikajua nimefunga bila kumsubiri. Nilijua nimekosea, na ndiyo maana nikawa mkali. Nikamjibu kwamba nimeshika gundi, nakuja. Akaita tena, safari hii chini zaidi. Nikamwambia, "Mama, dakika tano tu, jamani!" Nilisema kwa sauti ambayo hukuwahi kunisikia nikimsemesha nayo. Hakuita tena. Nikaangalia saa ya ukutani. Dakika tano zikaisha, nami nikaongeza mbili, ili gundi ishike vizuri. Kisha nikafuta iliyofurika kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu ikikauka hutoka na rangi. Kisha nikanawa mikono. Halafu ndipo nikaenda.

Kutoka mezani hadi mlango wa chumba chake ni hatua tisa. Nimezihesabu sana tangu hapo.

Alikuwa kwenye kiti cha cherehani, kichwa kimeegemea ukuta, macho wazi. Mkono wake haukuwa mkononi mwangu wala mwa mtu yeyote. Ulikuwa umeshika kifuko. Kilikuwa kimejaa na kimeshonwa karibu chote, bado mishono mitatu au minne, na sindano inaning'inia kwenye uzi. Kwa hiyo sijui, dada. Sijui kama aliniita nije kuchukua kifuko au aliniita kwa sababu moyo ulikuwa unamshika. Daktari alisema mambo hayo huwa ya dakika chache. Sikumuuliza kama saba ni chache.

Uliponipigia simu jioni ile ukauliza kama nilikuwa naye, nikasema ndiyo. Ukauliza kama nilimshika mkono, nikasema ndiyo. Ulilia, ukasema ahsante Mungu hakufa peke yake, na mimi nikasikia jinsi ulivyopumua. Nikaona huko mbali uliko huna kingine cha kushika. Ukamwambia mama mdogo, mama mdogo akawaambia waombolezaji, nao wakaja mmoja mmoja kunishika bega na kuniita mwana wa kweli. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Hii yangu imefika hadi kwa fundi wa mawe.

Ukiamua kunikasirikia, nikasirikie tu. Ukiamua kutonipigia simu, nitaelewa. Ninaogopa hilo kuliko nilivyoogopa kitu chochote, na hofu hiyo ndiyo kitu pekee ninachokihisi tangu siku ile. Lakini kuuchora uongo kwa mkono wangu juu ya kichwa cha mama, hapana.

Ijumaa nitampa fundi karatasi yenye jina na miaka. Chini nimeacha nafasi ya mstari mmoja. Wewe ndiwe mkubwa. Utasema kinachoandikwa, au ibaki wazi.

Jana nilikitoa kifuko kwenye droo, nikakipima kwenye mizani ya jikoni. Karatasi ya maelekezo inataka gramu mia nne. Kina mia nne na ishirini. Mama alikuwa anazidisha kidogo kila mara, kama anavyotia chumvi. Nikakiweka juu ya pua, kwa nje, na ndege ikashuka polepole mpaka gurudumu la mbele likagusa meza, ikasimama sawasawa. Nikakiondoa, ikakalia mkia. Nikakirudisha, ikasimama. Ndivyo nilivyoshinda mchana kutwa, sindano bado inaning'inia kwenye uzi wake.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu alivyoniletea bado vinanibana lakini navivaa. Wabusu wapwa. Usipande ngazi na mizigo. Mama mdogo anakusalimu sana. Yeye bado sijamwambia, nimeanza na wewe.

Ni mimi mdogo wako,

Rubani, kama bado utaniita hivyo.