Sindano ya Goti na Zamu Yangu ya Mitaro

Jumatatu, 7 Oktoba
Ng'ombe nimekamua. Maziwa nimemwaga. Goti la kulia limenitoka kwenye ngazi ya jikoni, ngazi moja tu, nikaona nyota. Nimeitukana ngazi. Musyoka alicheka, na kama si mume wangu wa miaka yote hii angekula sufuria ya kichwa.

Kesho kliniki mjini Machakos. Binti yetu Ndinda ndiye aliyepanga. Hakuna mwingine anayejua, na sitaki ajue.

Jumanne, 8 Oktoba
Imefanyika. Daktari ni kijana mpole. Ananieleza polepole, vile nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la tatu kabla sijastaafu. Alichota damu mkononi, akaiweka kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi. Ikatoka imejitenga: nyekundu chini, maji ya manjano juu. Ndani ya hayo manjano, anasema, mna zile chembe zinazogandisha damu mtu akijikata, nyingi kuliko kawaida, na zinaweza kutuliza goti lililosagika. Akanidunga hayo manjano gotini. Nilimwita mama yangu, na mama alishakufa.

Hakuniahidi kitu. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Gegedu iliyokwisha kati ya mifupa hairudi. Nafuu ikija itachukua wiki kadhaa. Nisichimbe. Nisipige magoti. Nisimeze diklo, zile dawa za maumivu ninazozitafuna kama njugu, maana zinaweza kuharibu kazi ya sindano.

Wiki kadhaa! Na mwethya wanakuja kwangu Alhamisi ya wiki ijayo. Wanawake kumi na wanne, tunachimbiana mitaro ya shamba kwa zamu, na zamu hii ni yangu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Limevimba. Kukaa kunachosha kuliko kulima. Nimehesabu mabati ya paa mara mbili. Nimepanga kabati upya. Nimegombana na kuku.

Mitaro yangu ya juu imejaa mchanga. Mvua ya Novemba ikiikuta hivyo, udongo wote utateremka na mbegu zangu. Lakini sheria ya mwethya iko wazi: mwenye shamba achimbe na wenzake mwanzo hadi mwisho. Asiposhika jembe, zamu yake inarukwa hadi msimu mwingine. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Mimi ndiye katibu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Musyoka amechoka na mimi. "Si uwaambie tu uko na goti mbaya? Hao ni watu, hawatakukula."

Hajui. Mwaka jana Syombua, yule anayekaa karibu na kanisa, alisema mgongo unamuuma, hawezi kushika jembe. Nilisimama mbele ya wote nikasema kila mtu hapa ana mgongo. Nikaandika jina lake, nikapiga mstari. Mvua ikaja, mahindi yake yakaondoka na maji. Sasa nikaseme nini mbele ya mwanamke huyo? Afadhali goti lipasuke.

Ni kiburi. Najua ni kiburi.

Jumatano, 16 Oktoba
Uvimbe umeshuka. Nimefika zizini bila kushika ukuta. Nimefurahi, halafu nikaogopa. Goti limeanza kunisikiliza na kesho nalipeleka shambani.

Muthokoi iko jikoni, mahindi yamekobolewa, maharagwe yameiva, chakula cha watu tayari. Nimeshika simu mara tatu nimpigie mwenyekiti. Nimeiweka mara tatu. Sikai, sisimami, silali.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nimechimba. Naandika nikiwa kitandani mchana kweupe, mguu juu ya mito miwili.

Walifika saa mbili na majembe na sululu zao. Kabla hawajafika nililifunga goti bandeji chini ya sketi, nikameza diklo mbili. Nilijua ninachofanya. Niliimba kuliko wote wasije wakaona ninachechemea. Saa nne hivi nilikuwa natupa udongo juu, goti likaenda upande wake na mimi wangu. Nikaanguka mtaroni. Sketi ikapanda, wakaona bandeji.

Syombua ndiye aliyeruka chini akanishika kwapani. "Mwalimu, hii goti ni mbaya tangu lini?" Nikasema tangu mwaka jana. Akanitazama. "Kumbe tulikuwa wagonjwa pamoja." Hakucheka. Heri angecheka.

Nimeletwa nyumbani kwa wilbaro, mimi, katibu. Aibu imenishika hadi masikioni. Kwa sheria yangu wangepaswa kuacha kazi na kwenda zao. Lakini nasikia majembe. Bado wanachimba.

Jumatatu, 21 Oktoba
Kliniki. Nilimweleza daktari kila kitu, hata diklo. Hakunigombeza, na hilo liliniudhi. Akasema hawezi kujua kama nimeiharibu sindano. Nikataka anidunge tena leo leo. Akakataa. Tungoje.

Kungoja tena. Nimekuwa na hasira tangu mjini hadi mlangoni, na Musyoka amezila zote bure. Nimemwomba radhi. Ameshangaa, hajazoea.

Jumapili, 27 Oktoba
Sikulala vizuri. Si goti. Namwona Syombua akiokota mabua yake kwenye matope mwaka jana, na mimi nikipita barabarani na daftari langu kwapani. Nilimsalimu hata. Nilikuwa katili na nikaita hiyo nidhamu.

Ijumaa, 8 Novemba
Mvua siku tatu. Mitaro imeshika maji, udongo umebaki mahali pake. Asubuhi goti linauma, mchana nalisahau. Labda ni sindano. Labda ni kule kutulia kwa lazima. Daktari mwenyewe hasemi.

Kwenye mkutano nimeomba sheria ifutwe, mgonjwa achimbiwe. Wamekubali haraka, kama watu waliokuwa wakingoja. Baadaye nimetembea polepole hadi kwa Syombua. Alikuwa barazani na mbaazi zake. Nimemwambia nilimkosea, na kwamba nilijua hata siku ile.

Amepepeta ungo wake mara moja. "Mahindi ilienda, Mwalimu."

Nimevuta ungo wa pili nikaanza kuchambua. Hakunizuia.